Kamera Niliyoiacha Butembo

Miaka ile ya vita nilikuwa na kamera mbili. Kubwa niliinunua kwa padri mzungu aliyekuwa akirudi kwao: ya chuma, ya filamu pana, pozi, yaani picha, kumi na mbili tu, pamoja na miguu mitatu ya mbao ambayo peke yake ilikuwa mzigo wa mtu. Ukiivaa shingoni kuanzia misa ya kwanza hadi ya pili, jioni huwezi kugeuza kichwa. Ndogo ilikuwa ya plastiki, inaingia mfukoni mwa koti, pozi thelathini na sita. Unabonyeza, inalia kidogo, basi.

Kwa ubora wa picha, hazikuwa za kulinganishwa. Negatifu ya ile kubwa ilikuwa pana kuliko kiberiti. Ungeweza kuikuza hadi ukahesabu mishono ya kola. Ya ndogo ilikuwa kama stempu ya barua, na ukiikuza kupita ukurasa wa daftari inajaa chembechembe kama uji usiochujwa. Hayo niliyajua vizuri. Nayasema mapema ili asiwepo wa kunitetea.

Wateja wetu nao walikuwa na sheria yao moja: picha iwe ya mtu mzima, mpaka viatu. Sura peke yake, walisema, ni ya kadi ya serikali, na serikali yenyewe wakati ule tulikuwa hatuijui ni ipi. Ukimpelekea mtu picha iliyoishia magotini, anakurudishia na kununa juu. "Umenikata miguu," anakuambia. "Hivi viatu nilivaa vya nini?" Kwa hiyo sisi wapiga picha wa Butembo tulizoea kurudi nyuma, hatua baada ya hatua, mpaka viatu viingie. Uso ulipata nafasi iliyobaki.

Halafu kulikuwa na bariyeri, vizuizi vya barabarani. Barabara ya kwenda Beni ilijaa wanajeshi, wiki hii hawa, wiki ijayo wengine, na kila kundi lilikuwa na maswali yake. Mwenzangu mmoja wa kazi alikutwa na kamera kubwa. Wakasema ni mpelelezi, wakamweka shimoni siku tatu. Yeye alirudi, kamera haikurudi. Tangu siku hiyo, kila safari niliweka kamera zangu mbili kitandani, nikazipima kwa mkono, hii kulia, hii kushoto. Kila mara ndogo ilishinda, nami nikajisifu kuwa mtu wa akili.

Dada yangu mkubwa alikaa Beni, upande wa Ruwenzori, na aliuza mchele aliokuwa akiufuata Kamango. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, wa kwanza baada ya kungoja miaka mingi. Waporaji walikuwa wamebeba sanduku lake la nguo pamoja na picha zake zote, hata ya harusi. Akanitumia ujumbe kwa dereva wa lori: nije nimpige picha na mtoto, picha ya kutundika ukutani, na nije na kamera ya padri. Alitaja hivyo hivyo, kamera ya padri.

Nilizipima tena kitandani. Kubwa nikaifunika kwa taulo, nikaiacha. Ndogo nikaiviringisha ndani ya shati chafu.

Kwenye bariyeri ya pili mwanajeshi alifungua mfuko wangu. "Oyo nini?" akaniuliza kwa Lingala, akiminya viazi nilivyompelekea dada. Alichukua nusu ya viazi, shati akalitupa pembeni bila kulikunjua. Nikapita nikitabasamu moyoni. Hadi leo naona aibu kukumbuka jinsi nilivyojiona mjanja.

Dada alinipokea mlangoni, macho yake moja kwa moja kwenye mfuko.

"Ile kubwa iko wapi?"

"Yaya," nikamjibu, nikimwita dada mkubwa kwa jina la kwetu, "iko nzito. Na barabara unaijua."

Akacheka. "Haya, piga tu na hii. Utarudia na ile ingine."

"Nitarudia," nikasema.

Alivaa kikwembe kipya, kitenge cha maua, kitambaa kichwani na viatu vya kisigino vilivyotoka Uganda. "Hapana kata viatu vyangu," alinionya, akimpakata mtoto. Jua la Beni lilikuwa utosini, na kitambaa kilimtia kivuli kuanzia paji la uso hadi kidevuni. Nilikiona kile kivuli. Betri za flashi zilikuwa zimekufa, na lori la kurudi lilikuwa karibu kuondoka, na nilijiambia kwamba nitarudia. Nikarudi nyuma mpaka ukutani mwa jirani, viatu vikaingia, nikabonyeza.

Miezi minne baadaye alienda Kamango kuchukua mchele. Gari lao lilipigwa risasi njiani. Walimleta nyumbani Butembo akiwa ameshafungwa ndani ya jeneza, na wazee wa kanisa wakasema lisifunguliwe.

Kwetu picha ya marehemu hutangulia mbele ya jeneza, kubwa, ndani ya fremu, ili kila anayesimama njiani ajue analia nani. Mama yetu alinijia asubuhi ile, hana machozi tena.

"Nipatie sura yake," aliniambia. "Tangu walimuleta, hata mara moja hapana muona. Weye njo fundi, nipatie sura ya mutoto wangu."

Niliingia chumba cha giza, cha kusafishia picha, na negatifu ile ya Beni, picha yake pekee iliyobaki. Nilipandisha mashine ya kukuzia mpaka mwisho wa nguzo yake. Kwenye maji ya dawa kikatokea kikwembe, na maua yake yote. Vikatokea viatu. Kikatokea kiganja cha mtoto. Uso ukatokea vumbi la kijivu. Nilibadilisha karatasi, nikaweka mkono chini ya taa kukipunguza kile kivuli, nikarudia mara tatu, mara sita. Hakuna dawa inayotoa kwenye filamu kitu ambacho hakikuingia. Nililia mle ndani, nikichukia mikono yangu, kisha nikaikausha ile iliyo afadhali na kuitia kwenye fremu.

Mama aliishika muda mrefu.

"Kikwembe naona," alisema. "Viatu naona. Yeye iko wapi?"

Hakuna aliyenilaumu. Tuliibeba hivyo hivyo mpaka makaburini, na kamera ya padri ilibaki chini ya taulo lake, nzima, bila mkwaruzo.

Mama ndiye aliyemlea yule mtoto. Jioni alimweleza sura ya mama yake, pua, meno, namna alivyocheka, nami nilikuwa nikitoka nje wakianza. Halafu mama naye akafa. Mwaka uliofuata yule binti akanijia mimi mjomba wake, sasa yuko sekondari, ameitoa ile fremu ukutani.

"Tonton, koko njo alikuwa ananielezaka, na sasa hayuko," alisema, akimtaja bibi yake. "Niambie weye. Mama alikuwa na sura gani?"

Kazi yangu ni nyuso za watu. Nilimtafuta dada yangu kichwani, pale mlangoni Beni, nikamtafuta utotoni, alipokuwa akinibeba mgongoni kwenda shamba. Kila nilipomgeuza anitazame, kilichokuja kilikuwa vumbi lile la kijivu, lile nililolikodolea macho asubuhi nzima mpaka likafuta yote yaliyokuwa chini yake.

"Alikuwa na macho kama yako," nikamwambia.

Alinishukuru, akaenda kujitazama kwenye kioo. Sijui kama nilimwambia kweli.