Tangi Lisilojaa

Mama Fagio alifagia shule ile ya msingi kwa miaka kumi na tisa, na kusema kweli ndiye pekee pale ambaye hakuwahi kukosa kipindi. Kwenye ratiba walimu walikuwa wanane. Wenye miguu ya kuingia darasani walikuwa wawili, na mmoja wao ni Mwalimu Mkuu, ambaye miguu yake ilizoea semina.

Mwalimu wa hesabu wa darasa la saba alihamishwa katikati ya kipindi. Gari lilikuwa linamsubiri, basi akaacha hesabu ya tangi na mabomba mawili nusu ubaoni, akajipangusa chaki, kwaherini. Mwalimu Mkuu akamwita Mama Fagio.

"Mama, ubao ule usifutwe. Mwalimu mpya anakuja wiki ijayo, ataendelea pale pale."

"Sawa, Mwalimu."

Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine, mpaka mvua zikaja zikaisha. Subira yavuta heri, walisema wahenga, ila hawakusema inaivuta kutoka umbali gani. Mama Fagio si mtu wa kupewa amana akaichezea. Alinyunyiza maji kabla ya kufagia ili vumbi lisipande, akatundika shuka kuukuu dirishani. Tarakimu zilipofifia alizifuatisha kwa chaki, yeye aliyeishia darasa la tatu.

Sababu alikuwa nayo. Kitinda mimba wake alikaa dawati la mbele la darasa hilohilo. Dada zake wawili walifeli, sasa wanafagia nyumba za watu. Huyu, Mama Fagio aliapa, fagio ataliona kwa macho tu.

"Leo mmesoma hesabu?" alimuuliza kila jioni.

"Tumenakili, mama."

"Hongera, mwanangu."

Kila siku watoto hamsini walinakili tangi lile lile, kwa hati safi. Mwalimu Mkuu alichungulia, akaona vichwa vimeinama, akaandika kwenye ripoti kwamba nidhamu iko juu. Nidhamu ya kutohitaji hata mwalimu, nani kaiona?

Mtihani ukafika, na bahati nayo haina adabu. Binti alirudi nyumbani anacheka.

"Mama, lile la tangi limetoka. Nimeliandika lote, na wenzangu wote wameliandika."

"Linajaa kwa saa ngapi?"

Binti akamtazama mama yake kwa mshangao.

"Halijai, mama. Linaishia pale kwenye kugawanya."

Mama Fagio akakaa chini. Miezi yote ile alikuwa akilinda nusu ya hesabu kama yai, tena kwa mkono wake mwenyewe. Kesho yake alilowesha kitambaa akaufuta ubao wote huku analia, wala hakuficha machozi.

"Nani kakuruhusu?" Mwalimu Mkuu aliuliza mlangoni. "Na mwalimu mpya anakuja wiki ijayo."

"Akija ataanza mwanzo, Mwalimu."

Barua ya onyo ilimfikia siku hiyohiyo, kwa kosa la kuvuruga somo linaloendelea. Waandishi wa barua shuleni hawakuwahi kupungua. Binti ndiye aliyemsomea, vizuri kabisa, mpaka mwisho.

Matokeo yakatoka. Mwaka uliofuata shule ikapata mtu mpya hatimaye, ila si wa hesabu. Aliingia darasa la saba kila asubuhi nyuma ya mama yake, akinyunyiza maji ili vumbi lisipande.