Kopo Juu ya Paa

Nyumba tuliyopanga Bariadi, miaka ile ya Ujamaa, ilitazamana na mashine ya kusaga mahindi. Kati ya baraza langu na ukuta wa mashine wangepita ng'ombe wawili, na wakiwa wamenona wangesuguana. Mashine yenyewe ningeivumilia. Kilichonishinda ni kopo.

Mwenye mashine, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Tabora, alikuwa ametundika kopo tupu la maziwa kwenye mdomo wa bomba la moshi, juu ya paa. Kila injini ilipopumua, kopo lilipiga kelele, tuku, tuku, tuku, tangu asubuhi mpaka jua linazama. Wenye mashine wote walifanya hivyo. Mtu anayekaa ng'ambo ya mbuga akisikia kopo linalia alijua mashine inasaga, akajitwika mahindi yake. Likinyamaza alijua dizeli imekwisha, akabaki nyumbani. Sisi majirani hatukuhitaji kuambiwa.

Wenzangu walilalamika kwa ajili ya watoto wachanga na vichwa kuuma. Mimi nilikuwa na langu. Nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, wa kujitolea, na darasa langu lilikuwa pale pale barazani: wanawake, wengine wakubwa kuliko mama yangu. Ofisa wa elimu alikuwa ametuarifu kwamba angekuja kuwapima. Wakishindwa, darasa litafungwa, na anayetaka kusoma aende upande wa pili wa mji. Nilijua maana yake. Hakuna mume hata mmoja kati ya waume wale ambaye angemruhusu mkewe aende mpaka huko kwa ajili ya daftari. Na wao walikuwa wanaanza tu kuzishika herufi, huku nusu ya ninayosema inaliwa na kopo.

Nikamwendea mwenye mashine, nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola? Amani itoke wapi? Hilo kopo lako litatuua."

"Kopo ndilo linaloniitia watu. Wewe una kengele ya darasa, mimi nina kopo."

"Mimi sina kengele."

"Basi na wewe tundika kopo."

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Siku hiyo ugali niliusonga kama naugombeza.

Mimi si mtu wa kumezea mambo. Nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Yeye aliishi kona ya mwisho, mbali na mashine, na alishawahi kusema kwamba sisi wa huku tunajidekeza. Nikamwomba kitu kimoja tu: kikao kifanyike barazani kwangu, mchana, mashine ikiwa kazini. Alikubali bila kufikiri.

Balozi alisimama akafungua kikao, na hakuna aliyemsikia. Akapaza sauti. Mzee aliyekaa mbele akaweka mkono sikioni na kumuuliza amesemaje. Balozi akarudia kwa nguvu mpaka akaanza kukohoa, na mwishowe akampungia fundi wa mashine mikono kwamba azime injini. Ilipozimwa, baraza zima likaangua kicheko. Hata mwenye mashine alicheka, ingawa alijikaza sana asicheke. Hukumu ilitoka hapo hapo: kopo liondolewe, na bomba la moshi liongezwe urefu lishuke kwenye shimo lililojazwa mawe.

Kesho yake mashine ikawa kama mtu anayekoroma ndani ya blanketi. Nilifagia baraza, nikavaa kitenge changu kizuri, nikakaa kuwasubiri wanafunzi wangu katika utulivu nilioupigania.

Hawakuja. Siku iliyofuata walikuja wawili, wote wa mtaa wetu. Nikatupa macho ng'ambo nikamwona mwenye mashine amekaa mlangoni kwake, amekunja mikono, hakuna foleni.

"Mwalimu," aliniita, "wanafunzi wako wako wapi?"

"Na wateja wako je?"

Akageuka akaingia ndani kwake.

Jibu nililipata gulioni, nilipokutana na mama mmoja wa darasani kwangu. "Si mashine imeharibika?" alinishangaa. "Hatujasikia kopo." Kumbe walikuwa wakipanga vikapu vya mahindi kwenye foleni, ndipo wakivuka kuja kwangu wakati wakisubiri unga. Bila mahindi ya kusaga, wangeaga nyumbani wanakwenda wapi? Niliumia, nasema kweli. Nilikuwa nikijiona mwalimu hodari anayefuatwa kutoka ng'ambo ya mbuga, kumbe nilikuwa mahali pa kukaa wakati unga unasagwa.

Lakini kuumia hakujazi darasa. Nilirudi kwa mwenye mashine, na safari hii alinisogezea kigoda. Tulivutana. Yeye alitaka kopo lilie mpaka alasiri. Mimi nilitaka lilie asubuhi tu. Mwishowe tukakubaliana hivi: adhuhuri, anapokwenda kusali, injini huzimwa ipoe. Kabla ya hapo kopo lilie litakavyo. Ikiwashwa tena, fundi awe ameshaliondoa na kuunganisha bomba la shimoni. Wa mbali watakuwa wameshafika, watoto wa majirani watalala, na mimi nitafundisha. Fundi alinuna kwa kazi aliyoongezewa. Balozi alilipitisha jambo hilo kwa fahari, kama vile yeye ndiye aliyelibuni.

Baraza lilijaa. Wengine walikaa chini, miguu imejaa vumbi la mbuga, na sauti yangu ikafika mpaka nyuma.

Ofisa alipokuja, foleni nzima ya mashine ilisogea kusikiliza, na mwenye mashine alisimama mbele yao. Ofisa aliwasomesha mmoja mmoja. Wa mwisho akamchagua yule niliyemhofia kuliko wote, bibi mmoja mwenye wajukuu, ambaye darasani alikuwa akisoma kwa kunong'ona. Bibi alifungua kitabu, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akasoma. Alikwenda polepole, lakini hakuruka neno. Alipomaliza mistari aliyoonyeshwa, ofisa akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Inatosha, mama. Umefaulu. Wote mmefaulu."

Vigelegele vilipigwa mpaka kwenye foleni. Bibi alisubiri vitulie, kisha akafunua ukurasa wa pili.

"Mama, nimesema inatosha," ofisa alimwambia, akicheka.

"Nimekusikia, baba. Lakini habari hii haijaisha."

Akaendelea kusoma, kwa sauti, mpaka mwisho. Tulimsikia sote.