Kuwatafuta Watoto wa Mlimani

Siku niliyoanza kazi hii sikuielewa. Padri Mkuu, yaani padri aliyeongoza shule yetu ya misheni ya Mlimani, kwenye barabara itokayo Kasongo kwenda Kabambare, aliniita ofisini baada ya misa ya asubuhi akaniambia, "Donati, kuanzia leo utatafuta watoto wetu." Watoto walikuwa wakitoroka shuleni mara kwa mara, hasa wakati wa mavuno ya mpunga. Basi nikashukuru, nikaenda moja kwa moja jikoni kumuuliza mpishi ni nani hakuonekana kwenye chakula. Mpishi akasema wote walikula na wengine walitaka kuongezwa. Nikarudi ofisini.

"Mon Père," nikasema, yaani Baba, "hakuna aliyetoroka."

Padri Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. "Si hao. Nataka wale waliomaliza. Wako wapi? Wanafanya kazi gani? Wameoa? Shule imewazaa, halafu haiwajui."

Ndivyo nilivyokuwa katibu wa wanafunzi wa zamani. Sisi tuliwaita ba-ansien, neno la Kifaransa tulilolifanya letu. Kabla ya hapo nilikuwa monitere, mwalimu wa shule ya msingi, kule Wamaza. Kifua changu hakikupatana na vumbi la chaki, na nilipoondolewa darasani nilidhani mambo yangu yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Ninyi vijana mnaofanya kazi hii leo mnapiga simu. Sisi tulikuwa na kinga, yaani baiskeli, na miguu pale kinga iliposhindwa. Ilibidi kwanza kupata ruhusa ya safari kwa Administrateri, mzungu aliyetawala eneo zima, kwa sababu Mwafrika hakutembea mbali bila karatasi. Kisha nililala kwenye jiti, nyumba ya wasafiri ya serikali, nikiwa na bahati, au kwa mtu yeyote aliyenifungulia mlango. Nilikwenda Nyangwe kwa waliokuwa makarani wa bandarini, nikaenda machimboni upande wa Salamabila, nikapanda vilima vya Kabambare ambako monitere wetu walifundisha peke yao, mbali na kila mtu.

Padri Mkuu alinifundisha jambo moja ambalo nimelishika mpaka leo: safari ya kwanza usiombe kitu. Peleka habari. Mwambie mwenyeji kwamba kisima cha shule kimechimbwa upya, kwamba mwalimu wake wa hesabu amepata mapacha. Mtu akisikia habari za nyumbani, atauliza mwenyewe nyumbani wanakosa nini.

Kila mwaka tulifanya sikukuu ya ba-ansien. Tulitoa konvokasio, yaani mwito rasmi, lakini mwito hautoshi kama mtu ana bosi. Kwa hiyo nusu ya kazi yangu ilikuwa kuwaomba wazungu wa kampuni wawape watu wetu nafasi ya kuja. Namkumbuka mkuu mmoja wa machimbo, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Aliniacha nimesimama mbele ya baraza lake juani, kisha akatoka.

"Karani wangu anakwenda kufanya nini huko?"

"Kula pamoja na wenzake, bwana. Na kusali."

"Kwa nini asile hapa?"

"Hapa anakula, bwana. Kule atakula na waliomjua kabla hajawa karani."

Akamwita mtumishi aniletee maji. Karani yule alikuja sikukuu.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha Padri Mkuu wangu akaugua, akarudishwa Ulaya, na mahali pake akaja Padri Mkuu mwingine, kijana zaidi, mrefu, mwenye kupenda mambo yaliyonyooka. Hakuwa mtu mbaya. Ila alipenda kila jambo liwe limekwisha kabla halijaanza.

Katika mwaka wake wa kwanza upepo wa masika uling'oa paa la bweni. Lilikuwa la makuti na miti ya zamani, na kuta za udongo zikaloa zikaanguka upande mmoja. Mungu alisaidia, watoto walikuwa kanisani. Bweni lile ndilo lililolaza watoto kutoka Kabambare na vijiji vya mbali; wa karibu walilala kwao. Inspekta wa shule akaja, akazunguka akiwa ameshika kofia yake, akasema mbele yetu, "Pasipo bweni la matofali na mabati kabla ya muhula mpya, watoto wa mbali watabaki makwao. Na darasa la monitere litahamia kwingine."

Padri Mkuu alipauka. Darasa la monitere, lililotoa walimu wa vijijini, ndilo lililokuwa uti wa mgongo wa Mlimani. Bila hilo tungebaki shule ya kijiji.

Hapo ndipo nilipoona maana ya zile safari zote nilizokwenda mikono mitupu. Niliwapelekea ba-ansien habari, na hakuna aliyesubiri kuombwa mara ya pili. Mafundi waashi wa Kasongo walikuja kufyatua matofali siku zao za mapumziko. Wa Kabambare walileta mbao mabegani. Makarani walijikusanya wakaagiza mabati, nayo yakafika kwa treni. Lakini stesheni iko ng'ambo ya mto Lualaba, mbali na sisi, na mabati hayabebwi kichwani safari ile yote. Ulikuwa msimu wa pamba. Kila kamiyo ya kampuni, kila lori, ilikuwa imejaa pamba, na wakuu wake walikataa hata kunisikiliza.

Lilibaki lori moja tu, la mfanyabiashara wa Kasongo aliyeitwa Sumaili. Alinunua mpunga na mawese vijijini, na alikuwa wa zile familia za Kiislamu za mjini tangu zamani. Nilimkuta dukani kwake akipima mchele. Nilipotaja Mlimani, aliweka kibaba chini.

"Mulikuja kwangu kwa nini? Mimi si ansien wenu. Mimi ni mutu mulifukuza."

Sikujua habari hiyo. Akanisimulia bila kupandisha sauti. Baba yake alimpeleka Mlimani akiwa mtoto, ingawa wazee wa msikitini walinung'unika, kwa sababu alitaka mwanawe ajue hesabu za wazungu. Mtoto akasoma. Kisha baba akafa. Mjumbe alifika shuleni kwa haraka, na mtoto akakimbia naye kwenda kuzika, akakaa matangani mpaka arobaini ikasomwa. Aliporudi, aliambiwa ametoka bila ruhusa, jina lake limefutwa.

"Sanduku langu walituma na mupagazi," alisema. "Akaliweka mbele ya mama, akaenda. Hata 'pole' hakusema. Mama alikuwa bado ndani ya eda."

Aliyefanya hivyo alikuwa Padri Mkuu wangu wa zamani, yule aliyecheka mpaka akavua miwani. Mtu unayempenda anaweza kuwa amefanya jambo lile, na bado unampenda, na jambo lile linabaki pale pale.

"Ndugu Sumaili," nikasema, "unataka shule ifanye nini?"

"Lori ni bure. Mafuta ni yangu. Lakini mwenye shule aje kwa mama yangu, akae chini kwenye mukeka, amupe pole ya baba. Basi."

Nilirudi Mlimani nikiyageuza maneno kichwani. Nilijua nikiyapunguza nitakuwa nimemdanganya Sumaili, na nikiyasema yote naweza kuondolewa kazini. Niliyasema yote.

Padri Mkuu alisimama dirishani. Nje mafundi walikuwa wamemaliza kuta, zinang'aa nyekundu, wazi juu.

"Jambo hilo si langu," alisema. "Sikuwepo. Na mtoto alivunja kanuni. Nikienda, nitakuwa nimesema mtangulizi wangu alikosea."

"Mon Père, hukuombwa useme nani alikosea. Umeombwa utoe pole."

"Mtu yule alikufa zamani."

"Huku kwetu pole haiozi. Msiba usiofikiwa na mtu unamngoja."

"Na kama ni mchezo wa mfanyabiashara? Kesho ataeleza sokoni kwamba misheni ilimpigia magoti."

"Labda ataeleza. Lakini wote niliowafuata miaka hii, niliwaambia Mlimani ni nyumbani kwao. Kama nyumbani hawaji kwenye msiba, mimi sitakuwa na neno la kuwaambia tena. Utanitafutia kazi nyingine."

Akageukia tena dirishani. Nilikwenda kwangu nikamwambia mke wangu aanze kufikiria shamba. Alisema shamba tunalo, kinachokosekana ni mtu wa kulima, akaendelea kutwanga.

Siku kadhaa zilipita, na Padri Mkuu alinisalimu tu kwa kichwa. Kisha asubuhi moja nikasikia pikipiki yake mbele ya nyumba yangu. "Panda," akasema. Tulipokaribia Kasongo alisimamisha pikipiki akaniomba nimfundishe: anavua viatu wapi, anasema neno gani kwanza, analeta nini. Nikamwambia. Tukanunua sukari na mchele kwenye duka la Mgiriki mmoja, si kwa Sumaili, maana haifai kumnunulia mfiwa vya dukani kwake mwenyewe.

Mama Zaina, mama yake Sumaili, alikuwa mzee mwembamba aliyeona kwa jicho moja. Alikuwa ameketi barazani akichambua maharagwe. Sumaili alisimama mlangoni, uso umefungwa. Padri Mkuu alibisha hodi kama nilivyomwonyesha, akavua viatu, akakunja miguu yake mirefu kwenye mkeka kwa shida. Kanzu yake nyeupe ilipata vumbi. Akasema, kwa Kiswahili chake cha misheni, "Mama, nimekuja kutoka Mlimani. Nimekuja kukupa pole ya mume wako. Tulichelewa."

Mama Zaina aliacha maharagwe.

"Weye ndiye ulituma sanduku?"

Niliona shingo ya Padri Mkuu ikiwa nyekundu. Angeweza kusema hapana, na ingekuwa kweli.

"Shule yangu ndiyo ilituma," akasema.

Yule mama akaitikia kwa kichwa, polepole. Kisha akalia. Hakulia kwa sauti. Machozi tu yalitoka, hata kwenye lile jicho lisiloona. Sumaili akageuka ukutani. Mama alipomaliza, alijifuta kwa ncha ya kitenge chake akasema, "Mume wangu alipenda sana shule yenu. Watu walimusema, yeye alipenda tu. Asante kumukumbuka." Halafu akamwita mkwewe alete chakula, akamwambia Padri Mkuu asithubutu kuondoka. Tukala wali na samaki wa Lualaba kwenye sinia moja, kwa mkono. Padri Mkuu aliumwagia mkeka nusu ya wali wake, na Mama Zaina akamsukumia minofu mizuri upande wake kama mtoto.

Lori lilivuka mto kwa baki, ile feri ya magogo, na mabati yakafika Mlimani Sumaili mwenyewe akiwa kwenye usukani. Aliporudi Inspekta, mafundi walikuwa wanapigilia misumari ya mwisho. Alipanda ngazi akagonga bati kwa fimbo, akashuka, akasema, "Bon," yaani vema. Hatukupata neno lingine kutoka kwake, nasi hatukulihitaji.

Katika sikukuu iliyofuata Padri Mkuu aliita majina ya ba-ansien darasa kwa darasa, kama ilivyokuwa desturi. Alipofika darasa la Sumaili alimwita. Mtu mzima yule, mwenye lori na wake wawili, alisimama wima mikono ubavuni akaitikia, "Niko." Wenzake wa dawati la zamani wakamvuta katikati yao. Wengine walinung'unika kwamba Mwislamu asiyemaliza hawezi kuwa ansien. Padri Mkuu aliwaambia chakula kitapoa.

Nilifanya kazi ile mpaka Wabelgiji walipoondoka, na baadaye kidogo, chini ya padri mwenyeji wetu wa kwanza, mwanafunzi wangu wa Wamaza. Yeye ndiye aliyeniambia nipumzike. Sikubisha, magoti yalikuwa yamemtangulia kusema.

Kabla ya kuacha, nilimwomba safari moja ya mwisho. Akauliza, "Mzee, unakwenda kuomba nini?" Nikamwambia sitaki kuomba kitu. Nikapanda kinga nikaelekea Kabambare, polepole, nyumba kwa nyumba. Kila mahali waliniuliza shule inataka nini safari hii. Nilipojibu kwamba haitaki kitu, hawakuniamini. Kule Wamaza, monitere mmoja niliyekuwa nikimsumbua kwa michango, hata ya kuku, tangu hajaota ndevu, alinikalisha barazani, akaulizia mvua, akaulizia watoto, akangoja. Jua likageuka. Nikaaga.

"Kweli huombi?" akasema.

"Kweli. Nilikuja kukuona."

Alinitazama, kisha akageukia mlangoni akamwambia mkewe kwa Kibangubangu, sauti ya chini, akidhani nimesahau lugha ile: "Mutoe yule jogoo uliyemficha."