Mama mkwe kakanyaga mkeka wangu wa kudansia

Jamani, leo nimemtukana mama mkwe bila kufungua mdomo.

Nina gemu la kudansi kwenye kompyuta, ni la bure, na unaruhusiwa kulibadilisha utakavyo. Mimi nikaweka sauti yangu. Ukikanyaga vibaya inakwambia, "Umeboronga! Nenda jikoni!"

Pedi ya kukanyagia nimeiunda mwenyewe, nikaifunika kwa mkeka.

Niko katikati ya wimbo, mama mkwe huyo, kashuka na ndizi zake kutoka milimani. Kavua kandambili, kakanyaga mkeka ili aketi.

"Umeboronga! Nenda jikoni!"

"Shikamoo mama..."

"Sauti yako hiyo?"

Nikamweleza kuwa ni gemu.

"Haya, cheza nione."

Hatua ya kwanza tu, nikakosea.

"Umeboronga! Nenda jikoni!"

Mama mkwe akaketi. "Umesikia mwenyewe."

Naandika haya nikimenya ndizi. Chekeni tu.