Trekta jipya lililotetemeka siku moja na kutulia siku nyingine: kilichonikuta Baraka wakati wa vita

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa mashambani na wa maofisini.

Juzi kuna mwenzetu humu aliuliza kwa nini trekta lake dogo, jipya kabisa, linatetemeka mpaka anashuka mikono imekufa ganzi. Majibu yalikuwa mengi, wengine wakamwambia ameuziwa kimeo. Nikaona nisipite kimya, maana mtetemo huo naujua, na uliwahi kunifanya nimkosee mama wa watu.

Nitasimulia kama ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga. Na ni pengi.

Mimi ni mtu wa Baraka, Fizi, Kivu ya Kusini, Kongo. Siku hizi naishi Kigoma, ila haya yalitokea nyumbani.

Ilikuwa miaka ya vita ya pili ya Kongo. Redioni walishaanza kuzungumza amani, lakini kwetu wenye bunduki walikuwa bado wanapita, leo hawa, kesho wale. Watu walikuwa wanarudi kidogo kidogo kutoka kambini na porini, wanakuta mashamba ya mihogo yamekuwa pori la magugu. Shirika moja, jina naliacha, likawaletea akina mama wa Baraka trekta dogo. Jipya, kiti bado kina nailoni.

Lilivuka ziwa kwa boti la mizigo, likashushwa ufukweni kwa mbao na kamba, nusu ya mji ikisukuma na nusu ikitoa ushauri. Mimi nikapewa udereva kwa sababu kabla ya vita niliendesha lori la kwenda Lulimba. Hiyo ndiyo CV yangu nzima.

Siku mbili za kwanza lilikuwa tamu sana.

Nyuma yake tulifunga rotavator, lile jembe la visu vinavyozunguka. Kati ya trekta na jembe kuna chuma kirefu kinachopeleka nguvu nyuma, kwetu tunakiita kardani. Shamba ambalo mama angelilima wiki nzima, mimi nililimaliza kabla ya mchana. Nilianza kutembea kama waziri, nikisalimiwa naitikia polepole.

Sasa hapa lazima muelewe maisha yetu ya wakati ule.

Kitu kizima kilikuwa kinaita wezi. Kwa hiyo jioni kila kitu chenye thamani kilivunjwa vipande. Gurudumu la mbele la baiskeli linalala kwa mjomba, fremu inabaki nyumbani. Cherehani, kichwa kwa shangazi, meza kwa jirani. Redio huku, mawe yake, yaani betri, kule. Mwenye bunduki akiingia anakuta vipande vipande, anatukana, anaondoka. Hakuna aliyetunga sheria hiyo, yalikuwa mazoea tu, na ukimuona mtu amebeba mnyororo wa baiskeli shingoni wakati wa jua kuzama, hukumuuliza kitu.

Basi kamati ya kikundi cha akina mama ikakaa. Betri ya trekta ikapelekwa kwa katekista. Halafu kardani.

Kardani yetu ilikuwa na nusu mbili: moja bomba la pembe nne, nyingine chuma cha pembe nne kinachoingia ndani ya lile bomba. Ukivuta, zinaachana. Kamati ikaamua nusu moja ilale kwa Wakatoliki, kwa Mama Atosha, rais wa kikundi. Nusu ya pili ilale kwa Waprotestanti, kwa Mama Riziki, mwimbishaji wa kwaya. Sababu ya wazi ilikuwa usalama. Sababu ya chini ya meza ni kwamba hakuna kanisa lililokubali kanisa jingine liseme trekta ni lao.

Kila asubuhi Mama Riziki analeta nusu yake begani, Mama Atosha anatuma ya kwake, mimi nazichomeka, nafunga, kazi inaanza.

Asubuhi ya kwanza kufanya hivyo, trekta likaingiwa na homa.

Wakuu, sio mtetemo wa kawaida wa injini. Nikiwasha jembe, kiti kinanipiga makofi, usukani unawasha viganja, meno yanagongana. Kofia ilinidondoka mara mbili nikaiacha. Ile pini ya usalama ya kwenye kardani ikakatika, nikaweka nyingine.

Kesho yake, kimya. Trekta limetulia kama hakuna kilichotokea.

Keshokutwa, homa.

Nikaanza uchunguzi. Magurudumu yalikuwa yamejazwa upepo mwingi sana kwa ajili ya safari, nikapunguza. Ilisaidia barabarani, shambani haikusaidia. Nikakaza bolti za injini, za magurudumu, za kiti. Nikatoa magugu yaliyojisokota kwenye visu. Nikachuja mafuta kwa kitambaa. Homa inakuja siku inayotaka, inaondoka siku inayotaka.

Nilichokiona ila sikukitia maanani ni hiki: nikitembea barabarani jembe likiwa limezimwa, trekta halitetemeki hata kidogo. Fundi yeyote angeshika hapo hapo. Mimi niliwaambia watu kwamba linapenda barabara.

Jumatatu akaja agronomu, yaani bwana shamba, wa shirika, Papa Amisi, mtu mpole mwenye miwani. Ilikuwa siku ya homa. Akapanda mwenyewe, akalima mstari mmoja, akashuka ameshika miwani mkononi.

"Bon," akasema. "Masini iko mugonjwa, ama muko naiua. Mi narudi siku ya posho. Kama iko inatetemeka vile, naipeleka Mboko, bamama ba kule bataitumia."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi. Mvua ilikuwa inakaribia. Zaidi ya nusu ya akina mama walikuwa hawajalimiwa, na wengine walikuwa wamerudi na sufuria na watoto tu, basi.

Kamati ikakaa mchana uleule. Watu wakiwa na hofu wanataka jina la mtu, na jina nikalitoa mimi.

Nikasema: "Nusu ya kwa Mama Atosha inalala mahali pakavu. Ile ya Mama Riziki inalala wapi? Mi siyue. Tangu ianze kulala kwake, trekta haina amani." Nikaongeza utani, kwamba labda kwaya inaifundisha kucheza. Watu wakacheka. Mama Riziki hakucheka.

Akasema tu, "Inalala chini ya kitanda yangu, juu ya gunia. Mukuye muone."

Hakuna aliyekwenda kuona. Kamati ikaamua nusu zote mbili zilale kwa Mama Atosha, na zamu ya Mama Riziki ya kulimiwa, iliyokuwa Alhamisi, ikafutwa.

Jumanne trekta likatulia kabisa. Nililima nikiimba. Nilipopita karibu na kanisa la Waprotestanti nilipunguza mwendo ili waone vizuri jinsi lisivyotetemeka. Sasa haikuwa tena habari ya mahali pakavu. Watu walianza kusema mambo mazito kuhusu Mama Riziki, kwamba mkono wake haufai kugusa chuma. Mnajua maneno ya namna hiyo yanaelekea wapi. Mama mjane, aliyerudi kutoka kambini bila ndugu, maneno hayo yanaweza kumhamisha mji. Mimi nilikuwa nayasikia na sikuyazuia, kwa sababu yalikuwa yananipa haki.

Jumatano homa ikarudi. Nikasema ni masalia.

Alhamisi asubuhi Mama Riziki akaja na jembe lake la mkono. Shamba lake lilipakana na lile nililokuwa nalima. Akasimama mpakani, akanitazama nikichomeka kardani, akina mama kama kumi wakiwepo.

Akasema, bila kupaza sauti, "Leo itatetemeka."

Nikawasha. Likatetemeka.

Wakuu, mama mmoja akarudi nyuma hatua mbili. Nikazima haraka, kwa sababu sasa hata mimi nilianza kuyaamini yale niliyoyasema kwa utani.

"Umeyua aje?" nikamuuliza.

"Naona," akasema. Akaja mpaka kwenye kardani, akanyoosha mpini wa jembe. "Angalia hii masikio."

Kila mwisho wa kardani una kama masikio mawili ya chuma yanayoshika kiungo. Kila nusu ina masikio yake kwa ndani.

"Siku iko muzuri, masikio ya huku na ya kule inalala pamoya, inaangaliana. Leo ya huku imelala, ya kule imesimama. Kila siku yenye imesimama vile, inatetemeka. Nilikuwa naleta yangu kila asubui, nakuona ukiingiza."

Nikaangalia. Kweli, moja imelala, moja imesimama.

Chuma cha pembe nne kinaingia kwenye bomba lake kwa namna nne. Namna mbili masikio yanaoana, namna mbili yanapishana. Mimi kila asubuhi nilikuwa nachomeka tu inavyokuja. Nikibahatisha, trekta zuri. Nikikosa, homa.

Nikachomoa, nikazungusha nusu moja kwa robo, nikachomeka, nikawasha. Kimya. Nikazima, nikairudisha ilivyokuwa. Kiti kikanipiga makofi. Nikazungusha tena. Kimya. Tulifanya hivyo mara nne, akina mama wakihesabu kwa sauti, na mara ya nne yule aliyerudi nyuma alikuwa ameinama karibu kuliko wote.

Baadaye nilikuja kuelewa sababu. Kardani ikiwa imepinda kidogo kwenye viungo, kila kiungo kinakwenda kasi, kinapungua, kinakwenda kasi, kinapungua, kila mzunguko. Masikio yakilala pamoja, kiungo kimoja kinafuta kosa la mwenzake. Yakipishana, makosa yanajumlishwa, na wewe dereva unayapokea makalioni.

Nikamuuliza Mama Riziki kwa nini hakusema tangu mwanzo.

"Mi nilizania unayua," akasema. "We njo dereva."

Hapo akina mama walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikacheka na mimi, ningefanya nini.

Nikachukua msumeno wa chuma, nikakwaruza mstari mmoja unaopita nusu zote mbili, ili hata akichomeka mlevi, mistari ikikutana amepatia. Jumamosi Papa Amisi akaja na dereva wa kulipeleka trekta Mboko. Akapanda, akalima mistari mitatu, miwani haikushuka puani. Akamuuliza Mama Atosha nani ametengeneza. Mama Atosha akamuonyesha Mama Riziki, naye Papa Amisi akavua kofia. Trekta likabaki Baraka.

Ningeweza kuishia hapo na wote mngefurahi. Lakini nilisema nitasimulia kama ilivyokuwa.

Papa Amisi alipoondoka, niliendesha trekta moja kwa moja mpaka shamba la Mama Riziki. Nilitaka nimlimie kimyakimya, yaishe. Akasimama mbele ya trekta.

"Zima."

Nikazima. Nikamwambia, "Mama, unisamehe."

"Mi nimesha kusamehe," akasema. "Lakini ile maneno ulisema mbele ya batu. Hii unanisemea pekee yangu hapa, nani atasikia?"

Akaniambia shamba litangoja.

Kesho yake, Jumapili, nikatoka misa ya kwanza nikaenda kanisani kwao. Sikuwa nimewahi kuingia pale maishani. Wakati wa matangazo mchungaji akaniita mbele. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakanitoka. Nikasema: "Trekta haikuwa mugonjwa. Mi njo nilikuwa naifunga mubaya, na nikamutwika Mama Riziki. Nusu yake haikuwa na kosa. Mukono yake haina kosa. Mwenye anataka kuniseka, aseke sasa, iko haki yake."

Hakuna aliyecheka. Nilipenda wacheke, nawaambia ukweli. Wazee wengine walikuwa wanaangalia chini, kwa sababu hata kanisani kwake kuna walioanza kumkwepa.

Mama Riziki akasimama katikati ya kwaya. "Tumesikia," akasema. "Kesho ukuye na trekta. Ukuye mapema, mvua iko karibu." Akainua mkono, kwaya ikaanza kuimba, na mimi nikabaki nimesimama pale mbele nisijue pa kupitia.

Kwa hiyo, mkuu uliyeuliza juzi: punguza upepo wa magurudumu kama bado ni ule wa kiwandani, kaza bolti, halafu zima jembe uone kama mtetemo unabaki. Ukiondoka, tazama kardani, masikio yalale pamoja. Kabla ya kusema umeuziwa kimeo, muulize anayelifunga kila asubuhi, na kama ni wewe, jiulize.

Kosa la chuma nililinyoosha kwa robo mzunguko. Lile jingine lilikuwa gumu zaidi. Siku zile tatu Mama Riziki alikwenda ziwani kuchota maji kwa njia ya nyuma ili asipite mbele ya watu, na nilikuja kulijua hilo baada ya kumaliza kumlimia.

Mafundi nikosoeni kama kuna kitu cha kitaalamu nimekikosea. Na mwenye kisa cha kumtwika mwenzake kosa la mikono yake mwenyewe, aweke hapa chini, nisionekane niko peke yangu.