Upande wa Kushoto wa Mzee Arvo

Ritva Kangas hakuwa mtu wa kutulia hata siku za kawaida. Wenzake katika hospitali moja ya Thunder Bay, Kanada, walizoea kumwona akila amesimama. Kazi yake ilikuwa tiba kazi: kuwafundisha upya wagonjwa kuvaa, kupika na kuoga, kisha kusema kama wanaweza kurudi kwao. Hilo la kusema ndilo lililomtesa.

Majira yale ya baridi alimpokea Arvo Lehtonen, mjane aliyestaafu kazi ya kiwanda cha karatasi, aliyepatwa na kiharusi. Mzee alitembea vizuri, akawatania wauguzi, na alitaka jambo moja tu: nyumba yake kando ya ziwa, na sauna, kibanda cha kuogea mvuke wa moto wa kuni, aliyoijenga mwenyewe. Ritva akampeleka kwenye jiko la mazoezi. Mzee akapika uji, akachemsha kahawa, akamkaribisha kikombe kama mwenye nyumba. Lakini kiharusi kilikuwa kimemfutia upande wote wa kushoto: vilivyokuwa huko hakuvitambua tena. Jiko la upande ule lilibaki linawaka, na kitambaa kilichokuwa karibu nalo kikaanza kufuka moshi. Ritva akalizima kimyakimya. Mzee hakuona kitu.

"Umemwona mpishi, mwanangu? Basi niandikie niende zangu."

Ritva akanywa kahawa yake.

Binti wa mzee, Kaisa, alimvizia mlangoni. "Usimwonee haya, dada. Andika hafai. Wewe utafunga faili uende zako. Mimi ndiye nitakayeitwa nyumba ikiungua."

"Baba yako ana akili timamu."

"Akili anazo. Macho je?"

Tangu hapo Ritva hakutulia. Alianza ripoti akaifuta, akaanza tena, akaenda kuosha vikombe visivyo vyake. Denise, mwenzake wa miaka mingi, akamnyang'anya sifongo.

"Unamwogopea mzee, au unajiogopea?"

"Swali gani hilo?"

"La kawaida. Mzee mwenyewe umemwambia ulichokiona?"

Ritva alikasirika, kwa sababu hakuwa amemwambia. Alikuwa amepima hatari na haki za mzee kichwani mwake, huku mzee mwenyewe yuko chumba cha pili.

Akaenda, akaketi, akamweleza yote, hata kitambaa. Arvo akageukia ukuta.

"Ulininywea kahawa yangu ukijua," alisema.

"Ndiyo. Nilikosea kunyamaza."

Siku mbili mzee hakumsemesha. Ya tatu akamwita. "Nionyeshe huo upande ninaousahau."

Wakafanya mazoezi wiki kadhaa: kugeuza kichwa kushoto, kugusa ukingo wa meza kwanza, kutafuta vilivyo huko. Kisha Ritva akampeleka kwenye nyumba yake ya ziwani kwa majaribio, Kaisa akiwa nyuma amenuna. Huko baba na binti waligombana Ritva akiwasikiliza, mpaka wakaafikiana. Mzee angepata jiko linalojizima lenyewe. Sauna hangewasha peke yake. Kaisa angekuja kuiwasha kila Jumamosi.

"Kwa hiyo sasa nitaogeshwa kwa ratiba," mzee akanung'unika.

"Kwa ratiba yangu, na kuni utachagua wewe," Kaisa akajibu.

Katika ripoti Ritva akaandika hatari zote bila kupunguza, akaandika pia kwamba mzee anazijua na amechagua kurudi kwake.

Kuanzia hapo akawaomba wenzake wakutane kila Alhamisi, wakati wa chakula, kila mmoja alete jambo linalomkosesha raha. Wengine walidhani ni porojo. Denise alikuja na mkate wake wa iliki, na polepole viti vikajaa.

Masika Kaisa alipiga simu. Mzee ameungua mkono.

Ritva aliendesha gari hadi ziwani akijilaumu njia nzima. Alimkuta Arvo kizingitini, bendeji kiganjani. Alikuwa amewasha sauna peke yake Ijumaa, hakuweza kusubiri Jumamosi.

"Utanirudisha kule hospitalini?" akauliza.

"Sijui," Ritva alisema. "Kwanza niambie ilivyokuwa. Halafu tumpigie Kaisa, tuzungumze sote."

Mzee akasogea, akampa nafasi ya kuketi.