Mashahidi wa Balozi

Nilikuwa nafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi ya Temeke, na kila Jumamosi mchana nilifundisha darasa la ubatizo kanisani kwetu. Kazi hii ya pili sikuiomba. Mchungaji alisema mtu anayeweza kuwaeleza watoto kugawanya hawezi kushindwa kuwaeleza watu wazima habari za dhambi na wokovu. Alikosea kidogo. Hesabu za kugawanya majibu yake yapo nyuma ya kitabu.

Mwaka ule, Azimio la Arusha likiwa bado changa, mmoja wa wanafunzi wangu wa ubatizo alikuwa balozi wa nyumba kumi wa mtaa wetu, mama wa makamo aliyehamia kutoka kusini mumewe alipopata kazi bandarini Kurasini. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Balozi tu. Mume na mke wakigombana walikwenda barazani kwake. Sukari ikija dukani yeye alisimamia foleni, na yeye mwenyewe alipanga wa mwisho. Nimemwona kwa macho yangu akirudi nyumbani na kikapu kitupu.

Kabla ya kubatizwa, kila mtu alisimama mbele ya kanisa akaulizwa maswali. La kwanza lilikuwa: je, wakiri kwamba wewe ni mwenye dhambi? Jibu lake ni ndiyo, nakiri. Tulifanya mazoezi zikiwa zimebaki wiki tatu, na wote walijibu vizuri mpaka ilipofika zamu ya Balozi.

“Hapana,” alisema.

Nilidhani hakusikia, nikarudia swali.

“Nimesikia, mwalimu. Nimemkosea nani?”

Nilimweleza kama nilivyoelezwa mimi, kwamba binadamu wote ni wenye dhambi, hakuna aliyebaki nje.

“Wote? Na mtoto aliyezaliwa jana?”

“Yeye hajatenda kitu, mama, lakini amezaliwa katika hali hiyo. Ni kama kisima chetu pale chini. Maji yake ni ya chumvi. Uchote kwa ndoo mpya, uchote kwa ndoo kuukuu, chumvi ni ileile.”

Alifikiri kidogo. “Basi wa kuulizwa ni aliyechimba kisima.”

Darasa lilicheka, nami nikacheka nao. Fundi cherehani aliyekaa benchi la nyuma akamwambia, “Mama, sema tu ndiyo, tubatizwe twende zetu.”

“Na wewe ukija kwangu na mkeo, nikawa nasema tu ndiyo, utanielewa?”

Hapo nikaona ugumu wa Balozi ulipo. Ubatizo aliutaka kweli. Mumewe na watoto wote walikuwa wamebatizwa, na siku za meza ya Bwana walisimama wote, yeye akabaki peke yake kwenye benchi. Lakini nyumba kumi zilimsikiliza kwa sababu hajawahi kusema neno asiloliamini, na sisi tulikuwa tunamwomba aanze, tena kanisani.

Nilikwenda kwa mchungaji na swali la kisima. Alitabasamu, akasema, “Mwambie hatuokolewi kwa matendo mema. Ni neema.” Nilimpelekea Balozi jibu hilo jioni ileile. Alikuwa anapepeta mchele.

“Kama mema yangu hayahesabiki,” alisema bila kuacha kupepeta, “mabaya yangu mnayahesabia nini?”

Sikulala vizuri wiki ile. Nilipenda maswali yake kuliko majibu yangu.

Jumamosi iliyofuata alikuja na mashahidi. Kwake yeye swali letu lilikuwa shitaka, na shitaka lina utaratibu wake. Alikuja na mjane wa nyumba ya tano pamoja na mzee muuza mkaa, Mwislamu, aliyekataa kuvuka kizingiti.

“Shikamoo mzee,” nikasema.

“Marahaba. Mie nitasemea hapahapa mlangoni. Nasikia mmemshitaki Balozi.”

“Hatujamshitaki, mzee. Tunasema binadamu wote wana dhambi.”

“Hata wewe?”

“Hata mimi.”

“Basi mwenye kesi ni wewe, unamvuta mwenzio.”

Tukampa nafasi aseme. Alieleza jinsi alivyougua mapafu, na Balozi akamtunza miezi miwili kama baba yake. Mjane naye alisema yake. Yote yalikuwa kweli. Balozi hakuonekana kufurahi. Alikuwa anatazama barabarani.

“Bado mmoja,” alisema. Alimngoja jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke aliyekuwa ameahidi kuja. Darasa likaisha, hakutokea.

Wiki ya mwisho Balozi alifika kabla ya wenzake, akakaa benchi la mbele.

“Nilikwenda kumuuliza kwa nini hakuja,” alisema. “Akaniambia, ningesema nini, Balozi? Sikujui.”

“Hakujui? Si mnapakana?”

“Miaka sita. Akasema, mimba yangu ilipoharibika ulikuja. Ukasimama mlangoni, ukaniuliza kama kesho nitatoka kwenye kazi ya kujitolea. Nikasema naumwa. Ukanipa pole, ukaandika kwenye daftari lako, ukaenda nyumba ya pili. Hukukaa.” Alikunja ukingo wa kanga yake. “Ni kweli, mwalimu. Nilikuwa na nyumba nyingine za kupitia. Nimeipima kama ninavyopima kesi za watu, na hakuna baraza litakalonitia hatiani kwa hilo. Lakini siwezi kumtazama usoni.”

“Ukafanyaje?”

“Alinitandikia mkeka, nikakaa. Hatukusema mengi.” Akanitazama. “Hiyo ndiyo mnayoiita dhambi?”

Kitabu cha katekisimu kilikuwa mkononi mwangu, na maana ya dhambi niliijua kwa moyo. Sikukifungua.

“Nadhani ndiyo hiyo, mama.”

“Mngesema hivyo tangu mwanzo.”

Siku ya ubatizo mchungaji alimuuliza swali la kwanza. Alijibu ndiyo, nakiri, kwa sauti ya chini kuliko wote, lakini niliyesimama karibu naye nilimsikia vizuri. Maji yakamwagwa.

Siku chache baadaye mzee muuza mkaa alinisimamisha nilipopita penye mkaa wake. “Kumbe mlimshinda.”

“Hatukumshinda, mzee. Alikiri mwenyewe.”

“Na mie nilisema uongo?”

“Hapana. Ulisema kweli tupu.”

Akatikisa kichwa akaendelea kupima mkaa, na sikumlaumu. Mpaka leo sijui kueleza vizuri jinsi ushahidi wake na ungamo la Balozi vinavyoweza kuwa kweli pamoja, ila naamini ni hivyo.

Nimeendelea kufundisha darasa lile miaka mingi. Nikifika kwenye dhambi, nimeacha kuwauliza watu wamekosa nini, maana hapo kila mtu huanza kujitetea. Nawauliza: ukiitisha mashahidi wa wema wako, nani hatakuja? Halafu nawapa muda. Wengine hucheka kwanza. Kisha mmoja huinamisha kichwa, na hapo najua tunaweza kuanza somo.